Drili ya Impakti, Rotari Hama ya SDS-Plus au SDS-Max: Ipi Inaufaa Ukuta Wako, na Ipi Inaumiza Wapi

Kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi utawekewa mashine mbili zenye picha ya nyundo ubavuni. Moja, drili ya impakti, imeandikwa wati 850; nyingine, rotari hama, wati 800. Anayenunua kwa kuangalia wati huchukua ya kwanza, na siku akipanda kufunga fimbo ya pazia kwenye linta ya zege, atasukuma mpaka bega limuume huku biti imezama sentimita moja. Ile ya wati 800 ingelimaliza tundu hilo hilo ndani ya nusu dakika. Wati ni umeme unaoliwa na mota. Hazikwambii pigo linatoka wapi wala lina uzito gani, na mashine hizi zinaachana njia hapo kwenye pigo. Muuzaji naye mara nyingi huziita zote kwa jina moja, kwa hiyo mnunuzi ni lazima ajue cha kutazama.

Tazama mdomo. Ukiwa na taya tatu zinazokazwa kwa funguo au kwa mkono, hiyo ni drili ya impakti, na biti zake zina kitako cha duara. Ukiwa na mpira au plastiki unayoivuta nyuma na hauna taya, hiyo ni rotari hama, na biti zake hufungwa kwa mfumo uitwao SDS. Kitako cha biti chenye unene wa milimita 10 na mifereji minne ni cha SDS-Plus. Chenye milimita 18 na mifereji mitano ni cha SDS-Max. Haviingiliani.

Pigo linavyotengenezwa

Ndani ya drili ya impakti, nyuma ya mdomo, kuna visahani viwili vya chuma vyenye meno vinavyotazamana. Ukiweka swichi kwenye nyundo, meno yanapandana na kushuka, na ekseli nzima pamoja na mdomo inatikisika mbele na nyuma kwa mwendo mdogo mno. Mapigo hufika 40,000 na zaidi kwa dakika, ila kila moja ni jepesi, na uzito wake unatoka begani kwako. Usiposukuma, meno hayakutani sawasawa. Ndiyo maana mashine hii inachosha.

Rotari hama ina pistoni ndani ya silinda. Pistoni inabana hewa, hewa inarusha kipande cha chuma, na chuma hicho kinagonga kitako cha biti. Biti imekaa mdomoni kwa kulegea makusudi na inacheza mbele na nyuma karibu sentimita moja. Wapo wanaoirudisha mashine dukani wakidhani mdomo ni mbovu, kumbe ndivyo ilivyoundwa. Mapigo ni 4,000 hadi 5,000 tu kwa dakika kwa SDS-Plus, ila kila pigo lina jouli (kipimo cha nishati ya pigo) 1.5 hadi 3.5, na hazitoki begani kwako. Mashine haianzi hata kupiga mpaka biti igandamizwe ukutani.

Aliyezoea impakti akishika rotari hama huja na tabia ya kusukuma kwa nguvu. Matokeo yake biti inajipinda au kukatika, na vumbi linakosa nafasi ya kutoka. Klachi, yaani kifaa cha ndani kinachoachia mzunguko biti ikikwama, nayo inaanza kuteleza, na yeye anachoka bila faida. Sukuma kiasi cha kuizuia mashine isirukeruke, kama unavyoegemea mlango ambao upepo unataka kuufungua, basi.

| | Impakti | SDS-Plus | SDS-Max |
|---|---|---|---|
| Uzito | kilo 1.5–2.5 | kilo 2–4 | kilo 5–12 |
| Nguvu ya pigo | msukumo wako | jouli 1.5–3.5 | jouli 5–20 |
| Tundu linaloifaa kwenye zege | mm 5–8, mm 10 kwa taabu | mm 5–16, mwisho mm 24–28 | mm 16–40 na zaidi |
| Mbao, mabati, chuma | vizuri | kwa adapta, nyundo ikiwa imezimwa | haifai |
| Kuchimbua bila kuzunguka | haiwezi | lipu, vigae, mifereji ya nyaya | zege, sakafu, msingi |

Namba za tundu zilizoandikwa kwenye boksi ni za mwisho wa uwezo. Impakti iliyoandikwa milimita 16 kwa zege inaweza kulifikia tundu hilo, lakini itakula biti, kaboni (brashi za mota) na mchana wako. Tumia nusu ya namba ya boksi kama kipimo cha kazi ya kila siku.

Uliza ukuta kwanza

Nyumba nyingi zina kuta za aina zaidi ya moja. Ukuta wa tofali za saruji una linta ya zege juu ya milango na madirisha, una nguzo pembeni, na una lipu ya milimita 12 hadi 15 juu ya vyote. Unaweza kutoboa matundu mawili yaliyoachana kwa mita moja, ukakutana na vitu viwili tofauti kabisa.

Tofali la saruji, hasa lile lililobaniwa saruji na kutengenezwa kwa mkono, ni laini kuliko watu wanavyodhani. Impakti inalitoboa milimita 6 au 8 bila shida, na mara nyingi hata bila nyundo. Ukiweka SDS-Plus yenye nyundo, biti inapita kwa sekunde tatu, tundu linakuwa pana kuliko biti, na plagi ya ukutani inazunguka ndani yake ikikataa kushika skrubu. Kwa tofali lenye matundu ya ndani hali ni mbaya zaidi, maana pigo la mwisho linavunja kuta nyembamba za tofali na plagi inabaki hewani. Kwa kuta hizi anayemiliki rotari hama aizime nyundo na aache biti izunguke tu.

Hali ni hiyo hiyo kwa tofali za kuchoma, na kwa mawe ya Ndarugu yaliyojengea nyumba nyingi za Nairobi. Haya ni mawe ya volkano yanayokatika kirahisi, na nyundo kidogo ya impakti inayatosha.

Pwani kuna suala la matumbawe. Mawe ya matumbawe yaliyokatwa kwa umbo la tofali ni laini yenye vishimo, na biti huvutwa kando ikikutana na kishimo. Anza polepole bila nyundo, kisha uone. Kuta za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu ni jambo jingine. Ndani yake kuna vipande vya matumbawe vilivyoshikwa kwa udongo na chokaa, na juu kuna lipu ya chokaa iliyoshikana na ukuta kwa miaka mingi bila kusumbuliwa. Rotari hama inaitikisa lipu hiyo ikaachia kipande kizima kuzunguka tundu, na mara nyingine upande wa pili wa ukuta pia. Hapo mashine ni impakti iliyozimwa nyundo, biti mpya, mwendo wa chini. Tena kwa Mji Mkongwe, ambao upo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, uliza kwanza mamlaka ya hifadhi kabla hujagusa ukuta wa nje.

Zege ndilo linalotenganisha mashine hizi. Ndani ya zege mna kokoto ngumu, na biti ya impakti ikifika kwenye kokoto inaacha kusonga. Inazunguka palepale, ncha inawaka joto na makali yanaduara. Biti ikigeuka rangi ya bluu, imekwisha. Usiichovye kwenye maji kuipoza, kwa sababu kile kipande kigumu kilichochomelewa kwenye ncha kitapasuka au kitaachia. Rotari hama inaivunja kokoto kwa pigo. Kama una slabu ya juu ya kufungia feni, linta za kufungia mapazia, au nguzo za kufungia geti, hapo hakuna mjadala: ni SDS-Plus.

Vigae vina kanuni moja kwa mashine zote: nyundo imezimwa mpaka umevuka kigae. Tumia biti ya vigae yenye ncha kama mkuki, bandika utepe wa karatasi ili isiteleze, kisha ukifika kwenye tofali au zege badilisha biti. Tundu kwenye kigae liwe kubwa kuliko plagi kwa milimita moja au mbili, na plagi izame mpaka iwe nyuma ya kigae. Plagi ikitanukia ndani ya kigae chenyewe, kigae kinapasuka siku unayokaza skrubu.

Kipenyo na urefu

Wengi hununua mashine kisha ndiyo wanagundua kwamba boliti zao zinataka tundu kubwa. Plagi ya milimita 8 inataka tundu la milimita 8, sawa. Lakini ile boliti ya ukutani yenye ganda linalotanuka hupimwa kwa boliti ya ndani, na tundu ni la ganda. Boliti ya M8, yaani yenye unene wa milimita 8, inataka tundu la milimita 14, M10 inataka 16, M12 inataka 20. Boliti ndefu ya kupenya yenye pete ya kutanuka mwishoni ni rafiki zaidi, kwani M10 yake inaingia tundu la milimita 10. Fundi anayefunga mageti na mageriji kwa boliti za ganda za M12 siku nzima anaichosha SDS-Plus ya kilo 2.5. Ama apande kwenye ya kilo 4, ama abadilishe aina ya boliti, jambo ambalo ni rahisi zaidi.

Urefu wa biti nao unadanganya, maana namba iliyoandikwa ni ya biti nzima pamoja na kitako. Biti ya SDS-Plus ya milimita 160 inatoboa 100, ya 210 inatoboa 150, ya 260 inatoboa 200. Ukuta wa inchi sita ni milimita 150, ukiongeza lipu pande zote mbili unakaribia 180. Kwa hiyo kupitisha waya upande wa pili kunataka biti ya 260. Ile ya 210 itaishia ndani ya tofali kabla ya lipu ya upande wa pili, nawe utabaki ukisukuma kitako.

Tundu la bomba la kiyoyozi, lenye kipenyo cha milimita 65 hivi, hutobolewa kwa biti ya kikombe. SDS-Plus inakiweza kikombe hicho kwenye tofali peke yake, na uache tundu liinamie nje kwa milimita 5 hadi 10 ili maji yasirudi ndani. Kwenye zege usijaribu. Hiyo ni kazi ya mashine maalumu ya kikombe cha almasi inayofungwa ukutani, na kikombe cha almasi hakipigwi nyundo hata siku moja, kwani vipande vyake vya kukatia vinang'oka.

Kila moja na namna yake ya kuumiza

Ajali kubwa ya rotari hama ni biti kukwama kwenye nondo. Biti inasimama ghafla, mota inaendelea, na mwili wa mashine unazunguka kinyume cha saa ukiwa mikononi mwako. SDS-Plus ina klachi inayoteleza pale inapokwama, lakini klachi hiyo imepangiwa mtu aliyeshika kwa mikono miwili na kusimama vizuri. Haimwokoi aliyeshika kwa mkono mmoja juu ya ngazi. SDS-Max inaweza kukuvunja kifundo cha mkono au kukurusha kutoka kwenye jukwaa. Drili nyingi za impakti hazina klachi kabisa. Zikiwa kwenye gia ya chini na biti nene, zinapindua mkono vilevile, na watu hawajiandai kwa sababu mashine inaonekana ndogo.

Mpini wa pembeni ndio kinga ya kwanza. Ukaze kabla ya kuwasha, kwa sababu mpini uliolegea unazunguka na mashine. Usitumie kile kitufe cha kufungia swichi iwake yenyewe ukiwa juu au ukitoboa zege lenye nondo. Kazi ya dari na slabu ifanyie kwenye jukwaa, si kwenye kipago cha mwisho cha ngazi. Kwa zege lenye nondo nyingi, biti ya makali manne inagharimu zaidi kuliko ya makali mawili lakini haikamatwi kirahisi na ukingo wa nondo.

Utaijua nondo kwa dalili: sauti inageuka kuwa ya mlio wa chuma, vumbi linakoma, ukichomoa biti unaona unga unaong'aa. Simama hapo hapo. Usiikate nondo ya nguzo wala ya boriti kwa ajili ya tundu la pazia. Sogea milimita 50 pembeni, anza upya, na tundu la kwanza uzibe kwa saruji.

Umeme ndani ya ukuta unahusu mashine zote. Nyaya zetu nyingi zinapita kwenye mabomba ya plastiki yaliyozamishwa chini ya lipu, zikipanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi. Usitoboe kwenye mstari huo wa wima, wala sentimita 15 kila upande wake, wala kwenye mstari wa mlalo unaounganisha soketi mbili. Njia salama ni kuzima meni swichi, na hapo anayetumia mashine ya waya anajikuta hana umeme wa kutobolea. Hii ni sababu nzuri ya kuchukua rotari hama ya betri ya volti 18, ambayo nyingi zina jouli 2 na zaidi na zinatosha matundu ya milimita 6 hadi 12. Ila betri haikukingi na waya wa ukutani ulio hai. Shika sehemu za plastiki tu, kamwe usiguse chuma cha mdomo wakati unatoboa.

Kwa mashine ya waya, tumia laini yenye RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya miliamperi 30. Mashine yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji waya wa ardhini, kwa hiyo plagi yake ya pini mbili za duara si kosa. Kosa ni kuichomeka kwenye soketi ya pini tatu bapa kwa kufungulia na kijiti au bisibisi. Pini zinashika kwa kulegea, zinachemka, na hakuna fyuzi. Badilisha plagi. Kebo ya kuongezea iwe ya milimita za mraba 1.5 kwa SDS-Plus hadi mita 30, na 2.5 kwa SDS-Max au kwa umbali zaidi. Ifungue yote kutoka kwenye gurudumu lake, kwani iliyoviringishwa inajipasha moto. Kebo nyembamba inashusha volti, mota inazunguka kwa uvivu, feni yake haipozi, pigo linalegea. Mtu hudhani mashine ni mbovu akaongeza msukumo, ndipo amecha, sehemu ya mota inayozunguka, inapoungua. Jenereta iwe ya kVA 2 kwa mashine ya wati 800, na kVA 3.5 kwa ya wati 1,500.

Sasa vumbi, ambalo watu hulipuuza kwa sababu halidondoshi damu. Mchanga wa kwenye zege na lipu una silika, na unga wake mwembamba usioonekana unaingia mpaka chini ya mapafu na hautoki. Marekani, kanuni ya mwaka 2016 iliweka mwisho wa mikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa siku ya saa nane, kiasi ambacho chumba kilichofungwa kinakivuka haraka. Kitambaa kilichofungwa puani kinazuia chembe kubwa tu. Vaa barakoa ya FFP2 au N95 iliyokaza pembeni, fungua madirisha, na ukiwa na mashine ya kufyonza vumbi, mwenzio ashike mdomo wake chini ya tundu. Unapotoboa dari, toboa kikombe cha karatasi kitakoni na uvishe biti, vumbi litaangukia humo. Usimwagie maji mahali unapotoboa na mashine ya umeme.

Mtetemo una hesabu inayobadilisha uchaguzi. Ulaya, kwa mujibu wa agizo la mwaka 2002, mwajiri anatakiwa kuchukua hatua mtetemo wa mkono ukifika mita 2.5 kwa sekunde ya mraba kwa wastani wa saa nane, na haruhusiwi kupita 5. Mashine yenye mtetemo wa 15, ambao ni wa kawaida kwa kutoboa zege, inafikisha kiwango cha kwanza kwa dakika 13 za kubonyeza swichi, na cha pili kwa dakika 53. Rotari hama inayotoboa tundu kwa sekunde 10 inakupa matundu karibu 80 ndani ya zile dakika 13. Impakti yenye mtetemo huo huo, ikichukua dakika nzima kwa tundu moja la zege, inakupa 13. Aliyenunua mashine ndogo ili aiokoe mikono yake ameipa mikono kazi zaidi. Vidole vikianza kufa ganzi au kugeuka vyeupe baada ya kazi, punguza muda, usingoje vizoee.

Kelele ziko karibu desibeli 100 kwa zote. Kwa kiwango hicho dakika 15 bila viziba masikio ni nyingi tayari. Miwani ya kinga ni lazima ukitoboa juu ya kichwa. Glavu ziwe za kubana mkono. Zile pana za kitambaa zinaweza kukamatwa na biti zikauvuta mkono.

Tundu moja la zege, kwa SDS-Plus

Tuseme plagi ya milimita 8 yenye urefu wa 40, ukuta una lipu ya 15. Plagi inatakiwa ikae ndani ya zege, lipu haibebi kitu. Kina ni 15, jumlisha 40, jumlisha 10 za kuhifadhi vumbi: milimita 65. Weka fimbo ya kina kwenye kipimo hicho au funga utepe kwenye biti.

Futa kitako cha biti, paka grisi kiasi cha punje ya mchele, sukuma huku ukizungusha mpaka isikike ikijifunga, kisha ivute kujaribu. Badilisha swichi ya kazi mashine ikiwa imesimama kabisa. Anza polepole mpaka ncha ijichimbie milimita tano, ndipo uongeze mwendo. Kila milimita 20 hadi 30 vuta biti nyuma ikiwa bado inazunguka ili itoe unga. Ukiizima ikiwa ndani, unga unaibana na utahangaika kuichomoa. Mwisho safisha tundu kwa pampu ya mkono na brashi. Kupuliza kwa mdomo ni kujirushia silika machoni. Kwa boliti za kubandikwa kwa gundi ya kemikali usafi ndio kazi yenyewe: puliza mara mbili, piga brashi mara mbili, puliza tena mara mbili, la sivyo gundi inashika unga na boliti inatoka nao.

Kwenye ukingo wa nguzo au linta, boliti ya M10 iache angalau milimita 100, maana inapotanuka inaweza kulipasua zege.

Patasi ya SDS-Plus inang'oa vigae na kuchimba mifereji ya mabomba ya nyaya vizuri tu, ukiwa umekata kingo kwanza kwa grainda. Angalia kina: mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Kwa ukuta wa milimita 150 ni 50 na 25. Mfereji mrefu wa mlalo wenye kina zaidi ya hapo unaukata ukuta kama kisu.

Nani achukue nini

Mwenye nyumba ya tofali anayetundika picha, rafu na kabati, na siku nyingine anatoboa mbao au grili, achukue impakti ya wati 600 hadi 750 yenye gia au mwendo wa kurekebisha. Matundu matatu ya zege kwa mwaka haihalalishi mashine ya pili, azima au mwite fundi.

Fundi umeme, wa kiyoyozi, wa aluminiamu, wa dari za jipsamu: SDS-Plus ya jouli 2.5 hadi 3, kilo tatu, yenye kazi tatu, yaani kuzunguka tu, kuzunguka na kupiga, na kupiga tu. Chini ya jouli 2 utajuta, zaidi ya kilo 4 utajuta ukiwa darini. Anayefanya kazi hii siku nzima awe pia na impakti au drili ya betri kwa mbao na skrubu. Ile adapta ya kufunga mdomo wa taya kwenye rotari hama inafaa kwa mbao na chuma nyundo ikiwa imezimwa. Ukiwasha nyundo, pigo linakwenda kwenye nyuzi za mdomo, mdomo unalegea, na biti haipati pigo lolote la maana.

SDS-Max ikodishe. Ni mashine ya siku mbili za kuvunja sakafu au kutoboa matundu ya milimita 30 kupitisha mabomba kwenye slabu, na miezi iliyobaki inakaa stoo ikila nafasi. Wanaovunja zege kila wiki wanajua tayari kwamba wanaihitaji.

Kwenye mitumba ya mashine za nje, soma kibati kabla ya kuangalia chapa. Mashine za maeneo ya ujenzi ya Uingereza, zenye plagi ya njano, ni za volti 110, na za Marekani ni 120. Ukizichomeka kwenye 230 moshi unatoka dakika ile ile. Zikiwa za volti sahihi, ziwashe na utazame matundu ya hewa: cheche ndogo za bluu kwenye kaboni ni kawaida, mduara wa moto unaozunguka ni amecha inayokufa. Bana biti kwenye kipande cha zege, usijaribu hewani, kwa sababu rotari hama nzima na iliyokufa pistoni hulia sawa zikiwa hewani. Kaboni zake uulizie dukani kabla hujalipa. Kwenye biti, alama ya PGM ya Ujerumani inamaanisha ncha imepimwa na tundu litaendana na plagi. Biti zisizo na alama yoyote hutoa milimita 8 zinazokaribia 9, na plagi ikizunguka mashine ndiyo inayolaumiwa.